Vifuniko Vilivyokwenda Harusini

Gari ni la mke wangu. Nalitanguliza hilo kwa sababu watu wakisikia habari za injini hunikabidhi mimi umiliki bila kuniuliza, nami kwa tabia yangu huchelewa kuwasahihisha. Ni gari dogo la Kijapani, jeupe, la mgongo mrefu, na limekuwa likibeba kabichi, karoti na pea za Dindira kuzishusha sokoni Korogwe tangu watoto wetu hawajaota meno. Kabichi ambazo gari lile limebeba, ukizipanga mstari mmoja, zinafika mwezini, na zinazobaki unapikia watu wa huko huko.

Mwaka ule injini ilikuwa imechoka. Ikipanda mlima wa Dindira ilitoa moshi wa bluu mzito, hata kuku wa kando ya barabara wakawa wanadhani jua limezama, wanaingia bandani. Mke wangu ni Msambaa wa huko juu na haongezi chumvi hata kwenye mchuzi. Alisema kwa ufupi, "Inakunywa oili kama mtu anayefuturu. Ishushwe, itengenezwe."

Hapo nikaingiza la kwangu. Mimi kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu tayari, nimekaa dawati moja na konda wa basi na mama lishe, na somo lililoniingia kuliko yote lilikuwa fizikia. Tangu nipate cheti, hakuna aliyechemsha maji nyumbani kwetu bila kusikia habari za mgandamizo. Basi nikamwambia, kama injini inafunguliwa, kwa nini irudi ilivyokuwa? Tuipanue kidogo, tuipe pumzi, kisha Jumamosi moja, moja tu, niipeleke uwanjani.

Uwanja wenyewe ni kiwanja cha ndege cha zamani ndani ya shamba la mkonge lililokufa, upande wa Handeni. Ndege ya mwisho kutua pale nadhani ilikuwa bado inapiga mbawa. Lami imechakaa lakini imenyooka, na wapenda magari wa kwetu hukutana hapo mara mojamoja, wakapanga mapipa na matairi kuonyesha kona, wakazunguka gari mojamoja na kupimiana muda. Hakuna zawadi. Kuna vumbi, mishikaki na uongo mwingi, na mimi katika hilo la mwisho nilikuwa tayari bingwa hata kabla sijawa na gari.

Mke wangu alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua kichwa.

"Baba watoto, lile gari ndilo jiko letu."

"Najua."

"Sasa jiko linapelekwa mashindanoni?"

"Nitalirudisha linawaka kuliko zamani."

Akachambua, akachambua. Nilidhani amesahau. Kisha akasema, "Mvua zikikata, kabichi za kwanza zinakatwa. Siku hiyo nataka kupanda Dindira na gari langu. Likinipandisha, uwanja wako nimekusamehe. Likinifia njiani, nauza vyuma chakavu, na kabichi unabeba wewe kichwani."

Watoto wakacheka. Mimi nilicheka nusu. Bila gari lile wakulima wangempa mzigo mchuuzi mwingine ndani ya wiki, na ada za wale wale waliokuwa wanacheka zilitoka kwenye kabichi hizo. Mimi nilikuwa dereva wa trekta wa msimu, na msimu unajulikana ulivyo. Kwa hiyo injini ile ikifa, hakuna masimulizi yangu ambayo yangewalisha.

Kwamndolwa, pale Korogwe, tulikokuwa tumepanga, mwenye nyumba alikuwa hataki kuona tone la oili uani kwake. Gari tukalivuta mpaka Handeni kwa mama yangu, kwenye banda ambalo marehemu baba alikuwa anahifadhia mahindi, lenye boriti ya kuweza kuning'iniza tembo na mtoto wake. Fundi wangu alikuwa Msambaa mwingine, mfupi, mwenye sauti ndefu utadhani amemeza spika ya msikiti. Mimi ni Mzigua, na makabila yetu yanataniana, kwa hiyo kazi yote ilikwenda kwa kutukanana. Yeye aliniita msomi.

"Msomi, shika mnyororo! Au fizikia inasema injini itapanda yenyewe?"

"Ninyi Wasambaa mmezoea kila kitu kinapanda. Vuta."

Injini ikatoka. Bloku, kiwiliwili cha injini, ikaenda Korogwe kwa mchongaji kupanuliwa matundu, zikaja pistoni mpya kubwa kidogo kuliko za zamani. Hedi, kichwa cha injini, ikasagwa ili mgandamizo uongezeke, na hapo mimi nilitoa mhadhara mpaka fundi akaenda kunywa chai akarudi nikiwa bado naendelea. Mchomeleaji mmoja akatukunjia eksozi yenye mabomba manne yanayokutana kama mito. Tulipogombana kweli ni kwenye kemshafti, ule mhimili unaofungua valvu. Nilikuwa nimepata wa gari la mashindano, una migongo mirefu, nikaukumbatia kama mtoto mchanga.

Fundi akaupima kwa macho. "Huu ukiuweka, tambarare gari litaruka kama swala. Halafu mkeo afike mlimani na magunia nyuma, lilie kama mbuzi wa Idi. Injini ina pumzi moja tu, msomi. Unataka aipumue uwanjani au Dindira?"

Nilijua jibu, ila kulitamka kuliniuma kama kung'olewa jino. Tukaweka mhimili wa kati, unaojua uwanja lakini hausahau kabichi.

Sasa niseme jinsi fundi alivyofanya kazi, kwa maana hapo ndipo balaa ilipopitia. Yeye alikuwa na mkeka. Kila kilichofunguliwa kililala kwenye mkeka kwa mpangilio: cha silinda ya kwanza karibu na mlango, cha pili kikifuata, mpaka cha nne ukutani. Konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, ukalala ubavuni mwa kifuniko chake. Kifuniko ni kipande cha nusu duara, kama mwezi mwandamo, chenye tundu la bolti kila ncha. Kinaukumbatia mhimili mkubwa wa chini, krenki, kwa upande wake, na konrodi inaukumbatia kwa upande mwingine. Viwili hivyo vilichongwa vikiwa vimefungwa pamoja, siku moja, tundu moja. Ni ndoa isiyo na talaka. Ukichukua kifuniko cha huyu ukampa yule, duara linapinda kwa unene wa unywele, beringi iliyo katikati inabanwa, inaungua, na siku injini ikiwa kwenye mbio konrodi inatoboa bloku ubavuni na kutoka nje kumsalimia dereva.

Kiwandani huwa vinapigwa namba ili visichanganyike. Vya kwetu, fundi fulani wa zamani alikuwa amezisugua kwa tupa mpaka zikafutika, sijui alikuwa anatafuta nini.

"Tutavipiga alama kesho," fundi wangu alisema, akafunika mkeka kwa shuka safi.

Kesho yake ilikuwa harusi ya mdogo wangu wa kike.

Nyumba yetu ilijaa watu mpaka ungepata ndugu hata ndani ya mtungi. Na palipo na harusi Uziguani pana watani. Binti wa mjomba wangu, mama mtu mzima wa watoto watatu, ndiye mtani wangu mkuu, na nadhani Mungu alipogawa aibu yeye alikuwa ameenda kuchota maji. Mtani akichukua kitu chako harusini, hukasiriki. Unacheka, unamuuliza anataka nini, unakikomboa. Ukinuna umeuaibisha ukoo mzima, na kitu chenyewe hukipati. Kufikia adhuhuri alikuwa ameshachukua kiatu kimoja cha bwana harusi, mwiko wa wapishi na kofia ya mpiga picha, na wote wamekomboa huku wakicheka.

Ngoma ya selo ikaanza uani. Akaingia katikati, mikono na miguu imekolea hina, na mguuni amefunga kitu kinacholia vizuri ajabu. Tiling'i, tiling'i. Nilikuwa nimesimama na sahani ya pilau, nikapaza sauti, "Binamu! Njuga hiyo umeitoa wapi? Inalia kama kengele ya shule!"

"Ya kwako hii, mtani! Nimeazima!"

Nikacheka mpaka pilau ikanipalia. Nilidhani ni utani wa maneno.

Asubuhi iliyofuata fundi alifunua shuka. Sauti aliyoitoa nadhani iliamsha watu mpaka Muheza. Konrodi zote nne zilikuwa zimelala mahali pake kwa adabu, na ubavuni mwa kila moja patupu. Zilionekana kama wajane. Bolti zilikuwa zimekusanywa vizuri kwenye bakuli, maana binamu yangu ni mwizi mstaarabu.

Nikaona mguu ule. Nikasikia tiling'i ile. Miezi minne midogo myeupe, kila mmoja una matundu mawili ya kupitishia kamba, kana kwamba kiwanda kilikaa kikatengeneza njuga kwa ajili ya Wazigua.

Mama alitoka jikoni. "Vipi, kuna msiba?"

"Shikamoo mama. Bado, ila mgonjwa ni mahututi. Binti wa mjomba yuko wapi?"

"Marahaba. Si amemsindikiza bibi harusi? Wako Lutindi kwa wakwe."

Tulipanda pikipiki ya fundi. Njia nzima alikuwa anapiga kelele mgongoni kwangu, maana mimi ndiye niliyekuwa naendesha, akihesabia yanayoweza kuwa yamevipata vile vifuniko: vimepigana, vimekwaruzana kwenye nyuso za kuungania, vimeokota mchanga. Uso ukiingia kovu, alisema, basi konrodi zote nne ni vyuma chakavu, na za kwetu za aina ile hazipatikani mpaka ufungue gari la mtu mwingine. Tulipoanza kupanda alinyamaza. Hilo lilinitisha zaidi.

Kuna jambo ambalo sikulifikiria kabisa mpaka tulipozima pikipiki mbele ya nyumba ya wakwe. Kaka wa bibi harusi hafiki kwa wakwe siku ya pili ya harusi. Hafiki. Akifika, amekuja kwa shauri, na shauri la siku ya pili huwa moja tu.

Waliokuwa wanatwanga waliacha kutwanga. Mchi ulibaki hewani. Baba wa bwana harusi, mzee mrefu mwenye kanzu, alitoka ananitazama kama anayetazama moshi juu ya paa lake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibuni. Huko mlikotoka ni salama?"

"Salama kabisa, mzee."

"Salama." Hakuamini. Akamnong'oneza mtu, na kabla chai haijafika ndugu zake watatu walikuwa wameshaketi, na mwingine anakuja anafunga vifungo. Nikamwona mdogo wangu akichungulia dirishani, macho yametoka, ananiuliza kwa mikono, umefuata nini?

Mzee akakohoa. "Mwanangu, sisi na ninyi tumeshakuwa kitu kimoja. Kama kuna neno juu ya binti, liseme, tulimalize kiukubwa. Kama kuna kilichopungua kwenye mahari, pia kiseme."

"Mzee, binti ni mzima."

"Mzima, hata sisi tumemwona."

"Mahari imetimia."

"Alhamdulillahi."

"Nimefuata vifuniko."

Wakatazamana. "Vifuniko vya sufuria?"

"Vya konrodi, mzee."

Mzee alimgeukia mdogo wake, akamuuliza kwa sauti ya chini lakini si chini ya kutosha, "Konrodi ilikuwamo katika vitu tulivyokubaliana?"

"Mimi sikuisikia," mdogo wake akasema. "Labda ni ile ya shangazi yao."

Fundi wangu alikuwa ameinamia kikombe, mabega yanatetemeka. Nami nilikuwa naanza kueleza habari za injini, za duara na za mgandamizo, kwa ufasaha ambao ungempa raha mwalimu wangu wa jioni, huku wale wazee nyuso zikizidi kukunjamana, niliposikia nyuma ya nyumba: tiling'i, tiling'i.

"Mtani! Nilijua utakuja," binamu akasema akitokeza, mikono kiunoni, "lakini kuitisha baraza la wazee kwa ajili ya njuga! Ninyi wa Korogwe mna mambo!"

Hapo wazee wakaelewa kwamba ni utani. Pumzi waliyoitoa, mlima wa Lutindi nadhani ulishuka kidogo. Mzee alicheka, akafuta macho kwa ncha ya kanzu, akacheka tena. Michi ikarudi kutwanga. Mdogo wangu dirishani akanionyesha ngumi, kisha naye akacheka.

Mimi ndiye pekee niliyekuwa nacheka kwa meno tu.

"Haya, mtani," nikasema, "unataka nini nivikomboe?"

"Jogoo."

"Umepata."

"Mwekundu. Mwenye mkia mrefu."

"Mwekundu, mwenye mkia mrefu."

"Na siku unalipeleka gari huko uwanjani mnakotimua vumbi, kiti cha mbele ni changu."

Fundi akainua kichwa. "Dada, pale si mahali pa..."

"Wewe Msambaa nyamaza, nimetaniana na mwenzio."

Nikakubali. Akainama, akafungua kamba ya katani, akamwaga vifuniko kwenye kiganja cha fundi. Fundi akavigeuza kimoja kimoja kwenye jua, akipuliza. Kimoja alikitazama muda mrefu.

"Ulivitoa kwa utaratibu gani? Kipi kilikuwa cha kwanza?"

"Cha kwanza kwani nini? Si vyote ni sawa, kama vikombe."

"Si sawa hata kidogo, dada yangu."

Nikamweleza kwa maneno machache, jambo ambalo linaniwia vigumu, nini kinatokea vikichanganyika. Na nikamwambia gari ni la nani. Kicheko chake kilizima kama koroboi.

"La wifi? La kabichi?" Akajishika mdomo. "Mbona hukusema? Mimi nilidhani la kwako. La kwako lingekufa tungecheka!"

Akajifunga kanga kiunoni, akaaga wazee, akapanda pikipiki nyuma ya fundi bila kuombwa. Tulishuka watatu juu ya pikipiki moja.

Bandani kwa mama tulikaa kwenye mkeka. Fundi alieleza: ukivifunga bila beringi, konrodi na kifuniko chake halisi hukutana kiasi kwamba ukipitisha ukucha ndani ya tundu, juu ya mstari wa kiungo, hausikii kitu. Kisicho chake, ukucha unakwama. Akajaribu. Kucha zake zimeliwa na oili miaka yote, hazisikii hata msumari. Nikajaribu mimi, lakini za kwangu nilikuwa nimezila kule Lutindi.

Binamu akanyoosha mkono. Kucha ndefu, nyekundu za hina, hazijabanduka hata moja kwa ngoma ya siku nzima. "Leteni."

Fundi akafunga konrodi ya kwanza na kifuniko. Binamu akapitisha ukucha, macho amefumba. "Pamekwama." Kingine. "Pamekwama." Wakageuza upande. "Ngazi kabisa hii." Kingine. Ukucha ukapita, ukarudi, ukapita. "Hapa hapana kitu. Kioo."

Fundi akapiga alama papo hapo kwa nyundo na ncha ya msumari wa chuma kigumu, nukta juu ya konrodi na nukta juu ya kifuniko. Siku ile hakuna aliyesema kesho. Mama alikuja na viazi vitamu, akatukuta kimya, akaviweka akaondoka kwa vidole vya miguu kama anayepita chumba cha mtihani.

Tukapata wenzi wa pili. Tukapata wa tatu. Wa nne, basi, aliyebaki ni wa aliyebaki, hata mtoto wa chekechea angejua. Nikaanza kutafuna kiazi.

"Pamekwama," binamu akasema.

"Geuza."

"Pamekwama zaidi."

Kiazi kilisimama kooni. Fundi alikileta kifuniko karibu na jicho. Ndicho kile alichokitazama sana Lutindi. Kwenye ukingo, mahali vilipokuwa vinagongana mguuni, paliinuka kovu dogo, punje ya chuma iliyosukumwa juu. Kama uso wenyewe umeingia bonde, alisema, ndiyo basi. Kama ni punje tu, inaondoka. Akachukua kijiwe laini cha kunolea, akakitia oili, akakipitisha pale juu kwa upole, kama mtu anayempangusa mtoto jicho. Akafuta. Akafunga.

Binamu alipitisha ukucha. Hakusema kitu. Akapitisha tena.

"Sema basi, wewe!" nikapiga kelele.

"Nilitaka nikuone ukitoka jasho kidogo," akasema. "Kioo."

Nilijilaza chali palepale kwenye mkeka wa fundi, jambo ambalo kwa sheria zake ni kosa kubwa, na hakunifukuza. Siku ya pili tulivipeleka Korogwe kwa mchongaji, akavipima kwa chombo chake, akasema matundu yote yako sawa. Lakini fundi, akiwa anafunga, hakuacha kunikata maini. "Duara la mezani si duara la mbioni, msomi. Tutaijua ikilia."

Ililia. Mara ya kwanza tulipowasha, kuku wa mama walihama mtaa. Lakini injini mpya ni kama mwali, hatolewi nje siku ya kwanza akachezeshwa. Nikaizoesha polepole kwenye barabara ya Handeni na Korogwe, kwenda na kurudi, bila kuikanyaga, nikipitwa na malori, na mabasi, na mara moja, naapa, na mzee mwenye baiskeli na gunia la mkaa. Kila nikizima nilifungua boneti nikasikiliza kama mganga. Kimya kizuri.

Jumamosi ya uwanja ikafika. Kiti cha mbele alikaa binamu, kofia ngumu ya pikipiki juu ya kilemba, mkanda umembana, kanga ameikunja chini ya paja. Mke wangu hakuja. Alisema angependelea kuambiwa.

Mzunguko wa kwanza nilitembea tu. Wa pili nikakanyaga. Jamani! Sijui nielezeje. Gari lile la kabichi liliinua pua, mapipa yakaanza kunijia kama mabasi ya Arusha, na mabomba yale manne nyuma yakaimba wimbo ambao haukuwahi kusikika katika wilaya ile. Mkonge ulikuwa umebaki mstari mmoja wa kijani. Naamini kwa kitambo kidogo tuliuacha mwili wa gari nyuma tukasonga mbele na roho yake.

Kisha, tukitoka kona ya mwisho, nikasikia. Ngo. Ngo. Ngo-ngo.

Kila dereva anaijua sauti hiyo. Ni konrodi inagonga. Mguu ukatoka kwenye mafuta wenyewe. Nikayaona magunia kichwani mwangu, nikaiona njia ya Dindira inapanda, nikamwona mke wangu hasemi kitu. Taa ya oili haikuwaka, joto lilikuwa sawa, lakini ngo-ngo iliendelea, na nikagundua kwamba inafuata mapigo. Mapigo ya selo.

"Binamu!"

"Naam!"

"Unafanya nini?"

"Napiga mlango! Mbona umepunguza? Kanyaga, mtani, ndiyo kwanza ngoma inakolea!"

Nilicheka mpaka machozi yakaniziba njia, nikazunguka mzunguko mzima wa kucheka. Muda nilioupata wala sitautaja, ila kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi na gari lake la kutembelea aliyenishinda vizuri tu, na hilo halikunigusa hata kidogo.

Fundi alimwaga oili palepale ikiwa bado ya moto, akaichuja kwenye kitambaa cheupe. Tulikitazama kitambaa wote watatu, vichwa vimegongana. Ingekuwa beringi inaliwa, kingemeta. Hakikumeta.

Bado palikuwa na mlima. Jumatatu, siku ya kabichi za kwanza, mke wangu alitupia makreti nyuma, akakaa kwenye usukani, akarekebisha kiti nilichokuwa nimekirudisha nyuma kama dereva wa mashindano. Hakuniuliza uwanja ulikuwaje. Akasikiliza injini kidogo, akatingisha kichwa ambacho sikujua kinasema ndiyo au hapana, akaondoka. Nikabaki Kwamndolwa na simu mkononi. Nilifagia ua. Nilifagia na wa jirani. Nilikuwa nimeshaanza kuitazama shingo yangu kwenye kioo kama inaweza kubeba gunia, simu ilipolia.

"Umefika wapi?" nikauliza. "Limekufa?"

"Nimefika Dindira."

"Juu?"

"Juu. Sikutia hata gia ya kwanza." Nyuma yake nilisikia kuku, na mtu anacheka. "Tena limenifikisha mapema mno, wenye kabichi bado hawajaamka vizuri. Nimekaa hapa nawasubiri wanywe chai."

"Moshi je?"

"Moshi gani?"

Niliiweka simu juu ya meza. Kisha nikatandika mkeka barazani, mchana mweupe, siku ya kazi, mbele ya majirani wote, nikalala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu siku ya harusi.